Mikono Minne ya Rangi

Kwa miaka minne mfululizo stoo yangu ilishika nafasi ya kwanza katika ukaguzi wa bandari ndogo, na nisijifanye mnyenyekevu, nilivimba kichwa. Kila cheti nilikitia fremu nikakitundika ukutani nyuma ya meza yangu, ili anayekuja kuomba glavu avione kwanza ndipo afungue mdomo. Ndoo nilizipanga kwa ukubwa, makoleo yalining'inia yote yakitazama upande mmoja, na kamba zilikunjwa mviringo safi hata ungesita kuzigusa. Ukija na viatu vya tope nakurudisha mlangoni, hata uwe nani. Kapteni mwenyewe, mkuu wa kikosi chetu cha kuzuia mafuta baharini, nilishamvua viatu mara mbili.

Kitu kikubwa mle ndani kilikuwa uzio wa kuelea. Ni kama ukuta wa plastiki nene wenye maboya ndani yake. Juu unaelea, chini una mnyororo wa kuushikilia usipinduke. Mafuta yakimwagika baharini, unauvuta ukaziba njia ya maji, na kwa kuwa mafuta hukaa juu, yanagota pale. Tulikuwa na vipande kumi na viwili vya mita ishirini na tano kila kimoja. Kila ncha ina kiungo cha alumini: ncha moja ina ulimi, nyingine ina mfereji. Ulimi unateleza ndani ya mfereji wa kipande cha pili kama droo inavyoingia kabatini, unatia pini, kazi imekwisha.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Sisi hatukuwahi kuunganisha hata vipande viwili. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akahesabu, akagonga gonga kwa kalamu, akanywa soda, akasaini. Fomu yake ilikuwa na sehemu ya idadi, sehemu ya usafi na sehemu ya mwonekano. Sehemu ya kuunganisha haikuwepo. Mwonekano peke yake ulikuwa na alama ishirini, na mimi si mtu wa kuacha alama ishirini zipite hivi hivi.

Kwa hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya ukaguzi, nilimwagiza Fundi apake viungo vyote rangi ya njano. Huyu Fundi ni wa injini za boti, lakini bandari ndogo ni bandari ndogo, kila mtu ana kazi tatu. Mwaka wa kwanza aliniuliza, akiwa amepiga magoti na mashine ya kupulizia rangi mkononi:

"Mama Stoo, hata huku ndani ya mfereji?"

"Kote. Mkaguzi ana macho."

"Macho anayo, ila kidole chembamba hivyo hana."

"Fundi, paka."

Akapaka. Mwaka wa pili hakuuliza tena. Rangi iliyobaki nilimpelekea dada yangu, akapaka mlango wa nyumba yake, ukapendeza kweli.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tatu, akaacha shule ili mimi niendelee. Ndiyo maana mambo ya hesabu aliniachia mimi tangu zamani. Si kwamba hajui kuhesabu, anajua sana, lakini ukimuuliza chochote chenye tarakimu atakwambia, "Muulize mdogo wangu, huyo ndiye tuliyempeleka shule." Anasema kwa utani, na mimi nilikuwa napenda kuusikia utani huo.

Dada anafuga chaza. Mkono wa bahari ulio karibu na bandari yetu una milango miwili, katikati kuna kisiwa kidogo cha mchanga. Mlango wa magharibi ni mpana, unaingia hadi kwenye mikoko na kwenye mabwawa ya samaki ya watu wengi. Wa mashariki ni mwembamba, na humo ndimo Dada na wanawake wanne wenzake walimotundika vikapu vyao arobaini vya chaza chini ya maboya. Chaza si kuku. Walianza nao wakiwa wadogo kama kucha ya kidole, wakavisugua vikapu kila wiki, jua na mvua, miaka mitatu. Mavuno ya kwanza yalibakiza siku kumi na mbili. Nilikuwa nimemhesabia mimi.

Asubuhi hiyo simu yake ndiyo iliyoniamsha, kabla hata ya simu ya kazini. Saa moja kasoro.

"Umesikia? Meli ya mizigo imepanda mwamba kule nje. Wanasema tanki lake limepasuka."

"Ndiyo kwanza nasikia kwako."

"Sasa mimi nauliza, nihamishe vikapu? Shemeji yako ana pikapu hapa. Nikianza sasa hivi, mpaka saa tano vyote viko ghuba ya nyuma ya kilima."

Nilijua alivyoogopa kuvihamisha. Chaza wakitikiswa juani wengine hufa, na miaka mitatu ni miaka mitatu. Nami nilikuwa na uzio wa mita mia tatu. Mlango wa magharibi ni mita mia moja sabini, wa kwake tisini. Hesabu ilikubali na kipande kikabaki.

"Usihangaike, Dada. Uzio ninao wa kuziba milango yote miwili. Kunywa chai yako."

"Haya. Kama wewe umesema."

Nilipofika kazini Kapteni alikuwa ameshatandaza ramani mezani kwangu, juu ya daftari langu la kupokelea vifaa, na siku hiyo sikumwambia kitu. Meli ilibeba vigae na unga, hivyo havikututisha. Kilichotutisha ni mafuta mazito ya injini yake, na yalikuwa yanatoka. Maji yalikuwa yanakupwa, yakiyasogeza mafuta nje. Saa nne yangeanza kujaa na kuyarudisha kwetu.

"Kufika saa saba milango yote miwili iwe imezibwa," Kapteni alisema. "Mama Stoo, leo ndiyo siku yako."

Nami nikaona kweli ni siku yangu. Tulitoa vipande viwili vya kwanza, tukavilaza kwenye sakafu ya saruji mbele ya mlango. Kapteni akaenda gatini kuandaa boti. Fundi akashika ulimi wa kipande kimoja akaupeleka kwenye mfereji wa kingine. Haukuingia. Akaugeuza, akaupeleka tena. Akachuchumaa, akachungulia ndani ya mfereji, kisha akasogea pembeni ili nichungulie mwenyewe.

Mikono minne ya rangi, mwaka juu ya mwaka. Mfereji ulikuwa umebaki na upana wa kupitisha kadi ya simu.

Fundi alileta nyundo, nikamzuia. Alumini ingepinda na kipande kingekuwa takataka. Moto usingewezekana, plastiki ilikuwa pale pale. Dawa ya kuyeyushia rangi ilikuwa nusu kopo, tukamimina yote, ikalainisha mkono wa juu na kuacha mitatu. Bisibisi zilikuwa nene, misumeno ilikuwa mipana. Nilikimbia nikajaribu cha pili, cha tano, cha kumi na mbili, nikiinama kwenye rafu zangu safi, na kila mfereji uling'aa njano mpaka ndani kabisa. Fundi ni mtu wa kazi. Ukimwambia kote, anapaka kote.

Hapo ndipo nilipokumbuka visu vya chaza. Ni vifupi, vinene mgongoni, vyembamba mbele, na mwenye navyo anajua kuvisukuma mahali pasipoingia kitu. Nikampigia Dada.

"Njoo na wenzako, na visu vyenu. Kuna viungo vimekaza."

"Vimekaza na nini?"

"Vimekaza tu, Dada. Njoo."

Saa tatu u nusu walishafika, watano wote, nyuma ya pikapu ya shemeji. Walitoka moja kwa moja kwenye vikapu, viatu vya mpira vimejaa tope hadi magotini. Dada alifika mlangoni, akaangalia sakafu yangu, akaangalia viatu vyake, akacheka kidogo.

"Mimi siingii humo. Nitafukuzwa bure mbele ya watu. Tuleteeni huku huku nje."

Nami sikumwambia aingie. Tukawa tunawatolea kipande kimoja kimoja, na vilivyobaki vikawa kwenye rafu ndani, wasikoviona.

Walikaa chini wakaanza kukwangua. Walikuwa na mkono mzuri ajabu. Maganda ya rangi yalitoka marefu na kuanguka mapajani mwao. Lakini kila ncha ilichukua muda wake, karibu saa nzima kwa mtu aliyezoea, na ncha zilikuwa ishirini na nne. Hesabu hiyo niliipiga kichwani nikiwa nimesimama pale na ncha ya kipande begani. Watu sita, pamoja na Fundi. Visu vinachoka. Mikono inachoka. Nikaona wazi kabisa, kama ninavyoona maandishi kwenye karatasi, kwamba saa saba itatukuta na kazi nusu.

"Hivi ni mjinga gani," Dada alisema bila kuinua kichwa, "anayepaka rangi ndani ya kitu kinachotakiwa kuteleza?"

Wenzake wakacheka. Fundi akakohoa.

"Mpakaji ni mimi."

"Wewe Fundi? Na akili zako zote hizo?"

"Siku nyingine huwa naziacha nyumbani."

Hakunitazama hata kidogo. Dada aliokota ganda moja la rangi, akalibandika kwenye kidole gumba, akaliangalia kwa muda. Kisha akalipangusa kwenye sketi yake akaendelea kukwangua. Mimi niliingia ndani kuleta kipande kingine, nikasimama nyuma ya rafu mpaka uso wangu ulipopoa. Niliona aibu, ndivyo ilivyokuwa, na nilimshukuru Fundi, na nilijidharau kwa kumshukuru.

Saa tano Kapteni alirudi kutoka gatini, jasho linamtoka. Maji yalikuwa yameshageuka.

"Mmefikia wapi?"

Kabla sijajibu, Dada aliweka kisu chini, akanyoosha mgongo. Pikapu ilikuwa hatua kumi kutoka pale alipokaa. Shemeji alikuwa ameegemea mlango wake, funguo mkononi.

"Mimi pia nataka kujua," Dada alisema. "Vimebaki viungo vingapi? Maana kama ni vingi, bora niinuke sasa. Saa mbili hizi naokoa hata vikapu ishirini."

Ncha tisa zilikuwa safi. Kumi na tano zilikuwa bado. Nilijua kumi na tano kama ninavyojua jina langu. Kapteni alikuwa ananiangalia, na nyuma yake, kupitia mlango wazi, vile vyeti vinne vilikuwa ukutani. Nikafikiri pia, na hili nalo ni kweli, kwamba Dada akiondoka na wenzake hatutaziba mlango wowote.

"Viwili vitatu," nikasema. "Havizidi."

"Haya," Dada akasema, akaokota kisu.

Sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo maishani mwangu, na ulitoka mwepesi, kwa sauti yangu ya kawaida ya kuhesabia ndoo.

Saa sita u nusu tulikuwa na ncha kumi na nne, yaani vipande saba, mita mia moja sabini na tano. Visu viwili vilikuwa vimevunjika. Kapteni aliingia ndani mwenyewe, na viatu vyake, akaona rafu bado zina vipande vitano. Alitoka, akafungua ramani juu ya boneti ya pikapu, akaiangalia sekunde chache tu, kwa sababu mpango ulishaandikwa siku nyingi na hakukuwa na la kufikiri. Magharibi kwanza. Kule kuna mabwawa ya watu mia na zaidi.

"Mashariki tutaweka magunia ya majani makavu na nyavu," alimwambia Dada. "Samahani, mama. Ningekuwa na vipande vinne tu zaidi."

Dada aliitazama pikapu, akalitazama jua, akawaambia wenzake waende wakajaze magunia.

Nitasema na hili, kwa kuwa ni haki ya waliofanya kazi: ule uzio ulishika. Maungio yote sita, yaliyokwanguliwa kwa visu vya chaza, yaliteleza na kukaa sawasawa, na mafuta yalipofika mlango wa magharibi yaligota pale, meusi na mazito, yakawa yanakusanyika tukiyanyonya kwa pampu mpaka kesho yake. Hata bwawa moja halikuguswa. Mlango wa mashariki magunia yalipigana kadiri ya uwezo wao, muda wa kama nusu saa. Kisha mafuta yakapita juu, chini na katikati yake. Nilikuwa kwenye boti nikayaona yakiyafikia maboya ya Dada, moja baada ya jingine, bila haraka. Harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu siku nne.

Meli iliondolewa mwambani wiki ile ile kwa boti mbili za kuvuta meli. Watu walipiga picha.

Siku ya tatu niliomba ruhusa kwa Kapteni nikaenda mashariki. Nilikuwa nimeshamwandikia maelezo yangu, ya rangi na ya ile saa tano, ukurasa mmoja na nusu, nikatia sahihi. Aliyasoma akayaweka kwenye droo, akaniambia atayapeleka yanakohusika, na sikumuuliza ni wapi. Vyeti nilivishusha mwenyewe. Ukuta ule una alama nne nyeupe sasa, na sijataka kuzipaka.

Dada alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, na glavu ndefu za stoo yangu, anafungua vikapu kutoka kwenye maboya. Wenzake walikuwa wameenda kula. Alichukua chaza mmoja, akampasua kwa kisu, akamnusa, akamtupa kwenye pipa. Akachukua wa kikapu kingine, akafanya vile vile. Mpini wa kisu ulikuwa bado na njano kidogo.

"Dada, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo ina kazi, masikio yapo."

Niliingia majini na viatu vyangu vya kazini. "Ile rangi niliagiza mimi. Si Fundi. Miaka yote minne. Nilitaka alama."

"Hilo la rangi nilijua."

Akatupa chaza mwingine kwenye pipa.

"Nina mlango wa rangi hiyo nyumbani kwangu," alisema. "Naufunga na kuufungua kila siku. Unadhani ikinibandika kidoleni sitaijua?"

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Mkuu wako anapita pita pale, wewe umevimba uso kama siku ile ulipovunja mtungi. Nikasema moyoni, mwache, atasema tukiwa wawili. Rangi ni rangi, inakwanguka, iwe imepakwa na mjinga wangu au mjinga wa watu." Alifungua kamba ya kikapu kingine, ikakataa, akaikata. "Nilichokuwa sikijui ni hesabu. Nilikuuliza vimebaki vingapi. Ukaniambia viwili vitatu."

"Vilikuwa kumi na tano."

"Ndiyo. Nilikuja kuona vipande vilivyobaki rafuni, siku ya pili, nilipokuja kuchukua hizi glavu. Mlango ulikuwa wazi, hakuwepo wa kunizuia." Hakupandisha sauti hata kidogo, na ningetoa chochote apige kelele. "Ungeniambia kumi na tano, ningeinuka pale pale. Mume wangu alikuwa na funguo mkononi."

Nililia. Hakuninyamazisha wala hakuniongezea. Alingoja mpaka nikamaliza, akanisukumia kikapu.

"Shika huko. Kizito hiki."

Tulivitoa kimoja kimoja na kuvibeba mpaka ufukweni, yeye mbele mimi nyuma, kama tulivyokuwa tukibeba karai la nguo tukiwa watoto. Mafuta yalitupaka mikono, yakatupaka mpaka mashavuni. Hatukuongea sana. Alinitania mara moja kuhusu viatu vyangu, kwamba leo stoo yangu isingenipokea, nikacheka zaidi ya ulivyostahili utani wenyewe.

Jua lilipokuwa la kuchoma, alisimama akaushika mgongo.

"Vimebaki vingapi majini?"

Niligeuka nikavihesabu kwa kidole, boya kwa boya, mara mbili, ndipo nikajibu.

"Kumi na tisa."

Dada aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuka kuelekea majini, akainua kidole chake, akaanza kuhesabu mwenyewe.